Kalamu moja, kazi tano



Unazikumbuka zile ndoo? Kama ulikuwa Beni au Butembo kati ya mwaka 2018 na 2020, huwezi kuzisahau. Zilikuwa kwenye mlango wa kanisa, wa duka, wa banki, na kwenye barie za barabara inayounganisha miji hii miwili. Ndoo yenye robine, beseni chini yake, na pembeni kijana mwenye kifaa cha kupima joto. Ulinawa, akakupima kwenye paji la uso, ukapita.

Sasa nikuulize: uliwahi kuiangalia ile karatasi iliyobandikwa juu ya ndoo? Ile iliyosema klore kiasi gani, maji kiasi gani, na ndoo ipi ni ya mikono? Wengi tuliipita tu. Lakini karatasi haijiandiki. Kuna mtu alikaa nayo, akatafuta maneno, akachora, akaibandika ukutani. Leo nataka tuzungumze juu ya mtu huyo. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kesho anaweza kuwa wewe, au mtoto wako aliyemaliza shule.

«Wewe umesoma, andika!»

Katika nchi za viwanda vikubwa, kuandika maelekezo ya kazi ni cheo kinachojulikana. Mtu anaajiriwa kwa kazi hiyo tu. Anaandika kitabu kinachofuatana na masini, karatasi inayofuatana na dawa, au orodha ya hatua ambazo fundi anazifuata asikatwe mkono. Kwetu cheo hicho ni vigumu kukiona. Lakini kazi yenyewe iko, na inafanyika kila siku.

Inaanza hivi. Umemaliza sekondari, umepata diploma ya Leta. Kwa neema ya Mungu unapata nafasi ndogo katika kituo cha afya, katika kooperative ya kahawa, katika gereji, au katika kampuni ya madini. Umechukuliwa kuwa sekretere. Siku ya tatu shefu anaingia biro na kopo la dawa mkononi, au kitabu cha masini iliyotoka Dubai au Guangzhou. Ndani yake ni Kichina na Kiingereza. Anakiweka mezani na kusema: «Wewe umesoma. Utuandikie namna ya kutumia hii kitu.»

Unafurahi. Unajiona mtu wa maana. Hujui bado kwamba kwa neno lile moja umepewa kazi tano.

Kazi tano ndani ya kalamu moja

Ya kwanza ni kuuliza. Huwezi kuandika jambo usilolijua. Inakubidi utoke biro, umfuate fundi penye mafuta, umfuate mama wa usafi penye ndoo, uwaombe wakuonyeshe. Utaona kwamba fundi anafanya hatua tatu ambazo hazimo ndani ya kitabu, na kwamba bila zile tatu masini haiwaki. Kijana mwenye aibu ya kuuliza, au mwenye kiburi cha diploma, ataandika uongo bila kujua.

Ya pili ni kutafsiri. Hapa kwetu jambo hili ni zito. Biro linaandika Kifaransa. Soko linasema Kiswahili. Nyumbani, kwa familia nyingi za Beni, Butembo na Lubero, ni Kinande. Wakati wa Ebola karatasi nyingi zilikuja kwa Kifaransa, nyingine kwa Kiswahili cha mbali ambacho bibi zetu hawakijui. Mwaka 2019 watu wa shirika la Translators without Borders walikuja huku kuwauliza wananchi wanaelewa nini katika ujumbe ule. Jibu lilikuwa wazi: watu walitaka maelezo kamili, yanayosema sababu, na waliyataka kwa lugha wanayotumia wenyewe.

Chukua neno moja tu: kutenga. Mganga anaposema mgonjwa «atatengwa», yeye anafikiri chumba chake peke yake, kitanda safi, na muuguzi wa kumwangalia. Lakini kwa masikio ya mtu wa kanisa, aliyetengwa ni yule aliyefukuzwa kwenye Meza ya Bwana. Je, wewe ungempeleka mama yako mahali anapokwenda kutengwa? Mtafsiri asiyejua namna neno linavyosikika katika shirika na sokoni anaweza kufunga mlango wa hospitali kwa kalamu yake.

Ya tatu ni kuchora. Kuna watu wenye akili nzuri ambao hawakupata shule. Kijiko kilichochorwa kinasomwa na wote. Huna haja ya kuwa msanii. Mistari minne inatosha.

Ya nne ni kufundisha. Karatasi iliyobandikwa bila kuelezwa ni pambo la ukuta. Unaisoma mbele ya wenye kazi, wanafanya mbele yako, nawe unanyamaza na kuangalia. Pale wanaposimama na kukuangalia, pale pana kosa, na kosa ni la karatasi.

Ya tano ni kulinda karatasi. Dawa inabadilika, masini inabadilika, karatasi ya zamani inabaki ukutani. Ni kazi yako kujua kila karatasi iko wapi, ya tarehe gani, na kuiondoa inapozeeka. Karatasi mbili zinazopingana kwenye mlango mmoja ni mbaya kuliko kukosa karatasi.

Kwa hiyo kijana anayeambiwa «andika tu» amekuwa mwulizaji, mtafsiri, mchoraji, mwalimu na mlinzi. Na mara nyingi haishii hapo. Kwa sababu anaonekana biro siku zote, anapewa pia simu, raporo ya mwisho wa mwezi, na ufunguo wa depo. Hapo ndipo hatari inapoingia. Acha nikusimulie yaliyonipata mimi.

Siku nilipoandika kumi

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilianzia upande wa Mangina, katika wilaya ya Beni, ikafika Beni mjini, ikashuka Butembo na Katwa. Mwisho wake ulipotangazwa, tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 walikuwa wameugua na 2.287 walikuwa wamekufa. Hakuna aliyesahau.

Mimi nilikuwa sekretere katika kituo kimoja kidogo cha afya. Jina lake nitaliacha, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tulikuwa na ndoo mbili. Ya kwanza ya kunawa mikono, yenye klore dhaifu. Wataalamu wanaiandika 0,05 kwa mia. Ya pili ya viatu, sakafu na vyombo, yenye klore kali, 0,5 kwa mia. Angalia vizuri, msomaji: kati ya ndoo mbili hizo tofauti kwenye karatasi ni sifuri moja. Lakini ndani ya ndoo tofauti ni mara kumi. Kwa unga wa klore wenye nguvu 70 kwa mia, lita 20 za maji zinataka kijiko kimoja cha supu kwa mikono, na vijiko kumi kwa sakafu.

Asubuhi moja ya mwaka 2019 mvua ilikuwa imelowesha karatasi zetu. Titilere wa kituo akaniambia niandike mpya. Vizuri. Lakini asubuhi ileile nilikuwa na ufunguo wa depo, na motari alikuwa mlangoni akingoja risiti. Raporo ya mipira ya mikono ilitakiwa kabla ya saa sita, na simu haikunyamaza. Niliandika karatasi ya mikono nikiwa nimesimama, kalamu mkono huu, simu mkono huu. Nikaandika: vijiko 10. Hakuna aliyeisoma baada yangu. Nikaibandika mwenyewe.

Ilikaa siku mbili.

Siku ya tatu mama wetu wa usafi alikuja biro. Hakugonga. Alinyoosha mikono yake juu ya meza yangu, nikaona ngozi imekuwa nyekundu na kupasuka kati ya vidole. Akasema: «Mutoto yangu, hii mayi inaunguza. Tangu juzi watu wananung'unika. Mimi sijui kusoma Kifaransa yako, lakini pua yangu inajua klore.»

Nilitoka naye mpaka kwenye ndoo. Harufu ilinipiga kabla sijafika. Nilisoma mwandiko wangu mwenyewe, na miguu ikaishiwa nguvu.

Hakuna aliyekufa. Mtoto mmoja alikuwa amejipangusa macho kwa mikono yenye maji yale, akalia usiku kucha. Lakini fikiri ulikuwa wakati gani. Kura ya Desemba 2018 ilikuwa imeahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya ugonjwa na usalama, na watu walikuwa na hasira. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, aliuawa hapa Butembo akiwa kazini. Kila avenue ilikuwa na maneno yake: wanatuletea sumu, wanatuua kwa pesa. Na mimi, mtoto wa hapa, nikawapa watu maji yanayounguza. Juma lile wamama kadhaa wa mtaa wetu hawakuleta watoto kwenye chanjo ya kawaida. Wakasema: «Kwanza mayi, halafu itakuwa sindano.»

Ingekuwa mbaya zaidi kama ningekosea upande wa pili. Kijiko kimoja kwenye ndoo ya sakafu kingefanya watu waamini kwamba ugonjwa umekufa, kumbe bado uko kwenye viatu vyao.

Usikimbie kazi nyingi

Pengine sasa unasema: basi, dawa ni kukataa. Kila mtu na kazi yake moja. Mimi pia nilifikiri hivyo kwa majuma kadhaa. Kisha jambo lingine likanifundisha.

Miezi michache baadaye, nikiwa bado na ufunguo wa depo, tulipokea makopo mapya ya klore. Nilipoyapanga niliona rangi ya kopo ni nyingine. Nikageuza, nikasoma: nguvu yake ilikuwa 35 kwa mia, nusu ya ile tuliyoizoea. Vijiko vyetu vyote vilikuwa vimekuwa vya uongo. Siku ileile nikaandika karatasi mpya, safari hii nikamwita titilere, nikamwita na mama wa usafi: vijiko viwili kwa mikono, ishirini kwa sakafu. Kama ningekuwa mtu wa biro tu, nani angeona lile kopo? Mtu wa depo aliona, na mtu wa kalamu akajua maana yake. Siku ile wote wawili walikuwa mimi.

Hata wakubwa wa kazi hii walianza hivyo. Mwaka 1949, katika mji wa Philadelphia, Marekani, ilitengenezwa ordinatere iliyoitwa BINAC. Kitabu chake cha matumizi kiliandikwa na Joseph Chapline, na wengi wanakihesabu kuwa kati ya vitabu vya kwanza kabisa vya namna hiyo duniani. Huyu Chapline hakutoka shule ya waandishi. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye masini za kuhesabia za chuo kikuu cha Pennsylvania. Alizijua kwa mikono. Tena alikuwa mpiga ogani wa kanisa. Vijana wa kwaya, mmesikia? Aliyezoea kuongoza watu wengi waimbe pamoja kwa kufuata karatasi moja alijua vizuri karatasi inapaswa kusema nini.

Kwa hiyo kazi nyingi zinaweza kukujenga. Anayegusa vitu vingi anaona vitu vingi. Shida yangu ya ile asubuhi haikuwa wingi wa kazi. Shida ilikuwa mambo mawili: nilizifanya zote katika saa moja, na niliandika na kujikubalia mwenyewe. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika nne, ikaponyoka ile yenye sifuri.

Kazi zisizokaa katika mkono mmoja

Tangu siku ile nimejiwekea sheria chache. Nakupa uzipime.

Kwanza: saa ya kuandika ni ya kuandika. Mimi naandika asubuhi mapema, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa. Ufunguo wa depo nampa mwingine kwa nusu saa hiyo. Nusu saa haitaangusha kazi ya mtu.

Pili: aliyeandika asijikubalie. Kila karatasi yangu inasomwa na watu wawili. Mmoja ni yule anayejua jambo: mganga, fundi, mhandisi. Wa pili ni yule atakayelifanya kwa mikono yake. Wa pili ndiye wanayemsahau wengi, na ndiye aliyeniokoa. Kama hasomi, namsomea, kisha namwomba afanye mbele yangu. Mama wetu wa usafi akawa mkaguzi wangu mpaka nilipoondoka kituo kile. Hakuna karatasi iliyopanda ukutani kabla hajasema: «Hii sawa.»

Tatu: usiweke alama za wataalamu mahali pa watu wote. Tuliacha kuandika 0,05 na 0,5 kwenye ndoo. Tuliandika kwa maneno: «kijiko KIMOJA cha supu», na tukachora kijiko kimoja. Kwenye ndoo ya sakafu tukachora vijiko vyote, kimoja kimoja, vikajaa ukurasa. Mtoto wa miaka mitano angeona kwamba hii si sawa na ile. Ndoo zenyewe tukazipaka rangi mbili. Na chini kabisa: tarehe, jina langu, na nguvu ya kopo tunalotumia.

Nne: anayelinda mali asiihesabu peke yake. Hii ni ya wote wenye depo. Kama una ufunguo, mwingine ahesabu nawe kabla ya raporo, na wote wawili mtie sahihi. Hata kama wewe ni mwaminifu. Hasa kama wewe ni mwaminifu, kwa sababu siku kitu kitakapopotea, sahihi ile ya pili itakusimamia.

Kwenye machimbo

Ndugu zetu wa Manguredjipa, na ninyi wote mnaoishi penye dhahabu na mawe mengine, msifikiri kwamba haya ni mambo ya waganga tu. Butembo yenyewe ilianza kukua kando ya kazi za kampuni ya madini ya MGL wakati wa Wabelgiji. Dhahabu na karatasi zilikuja pamoja.

Angalia kwenye shimo lenu. Kuna motopompe ya kutoa maji. Kitabu chake kiko wapi? Mara nyingi kilibaki ndani ya karto, Butembo sokoni. Basi vijana wanaishusha motopompe ndani ya shimo ili iwe karibu na maji, wanaiwasha, na moshi wa mafuta unajaa chini. Ndani ya moshi ule mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kizito, anakaa kidogo apumzike, na hasimami tena. Anayeshuka kumwokoa naye analala pale. Karatasi ya mistari miwili ingesema: «Motopompe inakaa NJE, mbali na mdomo wa shimo. Kama mtu ameanguka chini, usishuke. Kwanza zima masini na uingize hewa.» Nani ataiandika? Yule aliyesoma. Nani ataikubali kabla ya kubandikwa? Mzee wa shimo, aliyezika wenzake.

Au chukua zebaki, ile ambayo wachimbaji wanaita merkire. Nchi nyingi zilikubaliana katika Mapatano ya Minamata, ya mwaka 2013, kupunguza matumizi yake. Lakini kijana akibandika karatasi yenye neno moja, MARUFUKU, watu watacheka na kuendelea. Karatasi nzuri inasema sababu: «Usichome merkire ndani ya nyumba wala jikoni. Moshi wake hauoni kwa macho wala hausikii kwa pua. Unaingia katika mapafu, unaharibu mishipa na akili. Mtoto na mama mwenye mimba wanaumia kuliko wewe.» Baba akisoma hivyo, anafikiri jikoni kwake.

Na huko kwenye machimbo kazi zinarundikana kweli kweli. Kijana mmoja anaandika daftari la magunia, anapima uzito, anaandika sheria za shimo, anawalipa wachimbaji. Ndugu kijana, ukiwa huyo mmoja, kumbuka sheria ya nne. Anayepima na anayeandika wawe watu wawili, na mchimbaji aone namba ikiandikwa. Ugomvi mwingi unaanzia kwenye daftari la mtu aliyekuwa peke yake.

Namna ya kusema na shefu

Najua unachofikiri: «Haya ni mazuri, lakini shefu wangu hatakubali. Nikisema neno ataona nina uvivu, na nje kuna vijana wengi wanaongoja nafasi yangu.» Ni kweli. Kazi ni ngumu kupata. Ndiyo sababu sikuambii ukatae. Nakuambia useme kwa heshima, na mapema.

Mimi nilikwenda kwa titilere jioni ya ile siku ya tatu, baada ya kumwaga maji na kuomba msamaha kwa wagonjwa waliokuwapo. Nilimwambia hivi: «Papa, nimekosa. Karatasi ni yangu. Hizi kazi zote ulizonipa nitaendelea nazo. Lakini naomba mambo mawili. Ukinipa ya haraka juu ya nyingine ya haraka, uniambie ipi ingoje. Na karatasi yoyote ya dawa, usome wewe kabla sijabandika.»

Alinyamaza muda mrefu. Nilifikiri ananifukuza. Kisha akasema: «Mimi pia siku ile nilikupa mambo manne mlangoni. Leta kalamu.» Tukaandika pamoja orodha ya kazi zangu zote, ukurasa mzima. Alipoiona imeandikwa, yeye mwenyewe akashangaa, akaitoa simu akampa mwingine. Tulitia sahihi wote wawili. Ile karatasi ninayo hata leo. Kati ya zote nilizoandika, ni ile ya kwanza iliyoandikwa juu yangu mimi.

Kwa hiyo omba orodha hiyo, kijana. Usiombe kwa ukali. Sema tu: «Nataka nisisahau kazi hata moja, tuziandike.» Kazi iliyoandikwa inaonekana. Inayoonekana inaweza kugawanywa, na siku moja inaweza kulipwa.

Na wewe shefu unayesoma hapa, baba wa familia, mkubwa wa gereji au wa depo: yule kijana wako anayeandika vizuri, leo amebeba ngapi? Usimpe ya tano akiwa amesimama mlangoni. Mpe kiti, mpe nusu saa, na kabla ya kubandika, soma. Sahihi yako inachukua dakika moja. Mikono ya mama wa usafi ilichukua majuma matatu kupona.

Ebola ilirudi kwa muda mfupi upande wa Butembo mwanzoni mwa mwaka 2021, na Beni mwishoni mwa mwaka uleule. Ndoo zikarudi milangoni. Siku moja nilisimama kwenye kituo nisichokijua, nikasoma karatasi yao juu ya ndoo. Kijiko kimoja, kimechorwa. Tarehe iko. Chini, sahihi mbili. Na chini ya sahihi hizo, alama ya dole gumba, ya mtu asiyejua kuandika.

Nikanawa mikono, nikapita kwa amani.

Maswali ya kuzungumza katika familia au kundi la vijana

1. Pale unapofanya kazi au kusoma, ni karatasi gani imebandikwa ukutani ambayo hakuna anayeielewa? Nani angeweza kuisahihisha?
2. Andika kazi zote ulizonazo sasa. Zipi zinasaidiana? Zipi zisikae katika mkono mmoja?
3. Katika nyumba yenu, nani ni kama yule mama wa usafi: anaona kosa, lakini haulizwi?
4. Shefu anakupa kazi ya haraka juu ya nyingine ya haraka. Wawili katika kundi waigize mazungumzo hayo kwa heshima, kisha wabadilishane nafasi.